Picha ya jua mliyochapa na maneno yake havijuani

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Ngamiani. Mimi ni fundi saa wa Barabara ya Nane, yule wa kwenye kibaraza chenye saa ya ukutani isiyo na kioo. Wapita njia wa Tanga, hasa wenye baiskeli, wananijua. Gazeti lako nalinunua kila Jumamosi kwa mambo mawili, fumbo la maneno na ukurasa wa sayansi. Fumbo nalijaza mwenyewe. Ukurasa wa sayansi naukata kwa wembe, nauweka ndani ya kasha la saa iliyokufa, na watoto wakitoka chuoni alasiri hupita kuuliza, "Babu, leo kuna nini?"

Jumamosi moja, wiki kadhaa zilizopita, kulikuwa na jua. Mlilitoa kubwa, rangi ya chungwa, limejaa vijipande vilivyobanana kama mtama kwenye ungo, na chini yake mkaandika kuwa hiyo ni "mikondo mikubwa ya jua inayodumu kwa miezi". Kisha mkamalizia, kwa herufi ndogo, kwa kuwashauri watoto walitazame jua wenyewe kupitia filamu ya zamani ya eksrei.

Nina ugomvi na yote mawili. La eksrei ni fupi, acha nianze nalo.

Tarehe 16 Februari 1980 jua lilipatwa. Kivuli chenyewe kilikata Tanzania kikaingia Kenya. Sisi wa Tanga tuliachiwa kipande chembamba angani. Nilikuwa kijana wa miaka 17. Mzee mmoja wa mtaani alitoka na eksrei ya kifua chake, tukawa tunapokezana, na mimi kwa ujuaji wangu nikaishikilia kuliko wenzangu. Haikuuma. Ubaya wake ndio huo, kule nyuma ya jicho hakuna kinachouma. Kesho yake niliamka na doa katikati ya jicho la kushoto, mfano wa alama ya kidole kwenye kioo cha saa, ila hili halifutiki. Saa zote nilizofungua maishani nimezifungua kwa jicho la kulia. Filamu ile inafifisha mwanga unaouona, jicho linadhani limesalimika, mboni inatanuka, na miali isiyoonekana inazidi kupenya. Mwaka 2016, watu walipomiminika Rujewa kule Mbeya kuona jua likigeuka pete, mchuuzi mmoja aliniuzia miwani ya karatasi ya kutazamia. Nikaivaa nikiwa kibandani, nikaweza kusoma saa ya ukutani. Nikamrudishia palepale. Miwani ya kweli ya jua ukiivaa ndani ya nyumba ni giza tupu. Tafadhali lisahihisheni hilo toleo lijalo, tena kwa herufi kubwa kuliko mlizotumia kulikosea.

Sasa picha.

Vile vijipande wataalamu wanaviita granuli. Mimi kwa watoto naviita punje, na nadhani hata aliyevipa jina hilo, Mwingereza William Dawes mwaka 1864, alikuwa na nafaka kichwani. Kila punje ni gesi ya moto inayopanda kutoka chini, inafika juu, inatua mzigo wake wa joto, inatambaa pembeni huku ikipoa, kisha inazama kwenye ile mistari ya giza inayoizunguka. Ndio ule msafara wa joto tuliofundishwa shule ya msingi. Anayepika mafuta ya nazi anaujua bila kufundishwa: tui likianza kukatika, unaliona linafoka hapa, linazama pale, na sehemu za kufokea zimegawana sufuria kama majirani waliogawana uwanja. Tofauti ni upana. Punje moja ya jua ina kilomita kama 1,000, yaani kutoka hapa Tanga hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka.

Na umri wake? Dakika kama 10, zikizidi sana 20. Hapo ndipo mliponigusa, Mhariri, maana mimi nakula kwa dakika. Hao ndio waja leo waondoka leo wa jua, na leo yao haitoshi hata birika la kahawa kuchemka. Kuandika chini ya picha yao kwamba wanadumu miezi ni sawa na mteja kuniletea saa ya mkononi nami nikamwandikia risiti ya saa ya mnara.

Hata hivyo maneno yenu hayakuwa ya uongo. Yalikuwa maneno ya kweli, ila ya picha nyingine. Zaidi ya punje kuna mikondo ya saizi ya pili, supagranuli, yenye upana wa kilomita kama 30,000, ambapo dunia yetu ingeingia mara mbili na nafasi ikabaki, na kila mmoja huishi kama siku moja. Na kubwa kuliko hiyo kuna seli kubwa zenyewe mlizozikusudia, kilomita laki mbili hivi, zinazodumu kwa miezi. Hizo hazikuwemo kwenye picha yenu na hazingeweza kuwemo, na kwa nini hazingeweza ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Watoto, baada ya kuisoma habari yenu, walitaka waonyeshwe. Mimi ninayo darubini ya macho mawili niliyopewa zamani na baharia mmoja aliyeshindwa kulipia saa. Jumapili saa tatu asubuhi nikaifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya kigoda, jicho moja nikaliziba kwa kifuniko cha kopo la maziwa, la pili nikalielekeza kwenye jua bila kuchungulia, kwa kufuata kivuli chake tu, na mwanga uliotokea nyuma nikaukinga kwa kadibodi nyeupe. Mtu asichungulie darubini iliyoelekezwa juani hata kwa nukta moja. Nilimweka mjukuu wangu mkubwa alinde kigoda kama askari wa benki. Kwenye kadibodi likatua jua la upana wa sentimita 10, saizi ya kisahani cha kahawa, safi kabisa, na madoa mawili meusi: moja si mbali na ukingo, la pili juu yake kidogo.

Na ukingo wake ulikuwa unachemka. Mawimbi madogo yanapita, yanapanda, yanajikunja. Watoto wakapiga kelele, "Linachemka! Babu, linachemka kweli!" Mmoja akakimbia kumwita mama yake. Na mimi, sitaki kusema uongo, nilifurahi nao kwa dakika nzima.

Kisha ufundi ukaniingia. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39. Kwenye kisahani changu cha sentimita 10, milimita moja ni kilomita kama 14,000. Yale mawimbi yalikuwa yanatembea milimita moja kwa kupepesa jicho. Hakuna gesi ya jua inayokimbia hivyo. Nikachukua karatasi ya risiti nikapiga hesabu mgongoni mwake. Gesi kwenye punje huenda kilomita moja na ushei kwa sekunde, basi ili isogee milimita moja kwenye kadibodi yangu inahitaji karibu saa nne. Gesi ya supagranuli huenda mita 300 hadi 400 kwa sekunde, hiyo inahitaji saa kumi na moja hivi, mchana mzima wa Tanga kasoro kidogo. Ile ya seli kubwa huenda mita kama 10 tu kwa sekunde, mwendo wa bodaboda asiye na haraka. Kusogea milimita moja, siku 16.

Sasa kilichokuwa kinachemka ni nini? Nikainua macho. Kati ya darubini na jua palikuwa na paa la bati la jirani, limekwisha kupata moto tangu saa moja, na hewa juu yake inapanda kama mvuke wa wali. Tulikuwa tunatazama msafara wa joto, ndiyo, lakini wa Barabara ya Nane.

Kuwaambia watoto hilo haikuwa kazi nyepesi. Mama aliyeitwa alikuwa ameshafika na kanga ya kujifunika kichwa, amekuja kuona jua likichemka, anaambiwa ni bati la jirani yake.

Jumapili iliyofuata tukahamia Raskazone, mapema, jua limeinuka juu ya bahari. Picha ikatulia kimya, ukingo umekatwa kama kwa mkasi. Baadaye mpwa wangu, ambaye ndiye ananifungulia intaneti, alinisomea kwamba wenye kazi yao hufanya vivyo hivyo: kule Udaipur, India, darubini ya jua imejengwa kisiwani ndani ya ziwa Fatehsagar, na ile ya Big Bear huko California nayo imezungukwa na ziwa, kwa kuwa maji hayapati moto upesi kama nchi kavu na hewa juu yake haichezi. Nilifarijika kuwa fundi saa na watu wa Udaipur wamekerwa na kitu kimoja.

Lakini jua lililotulia halikuwa na punje wala mkondo. Lilikuwa sahani nyeupe na madoa mawili yaliyosogea mbali na pale tulipoyaacha. Darubini yangu ni ndogo mno kwa punje. Mjukuu wa mwisho akaniangalia kwa huruma. "Babu, sasa mbona limekufa?"

Aliyenitoa kwenye aibu ni shemeji yangu, mvuvi, aliyekuwa anashona nyavu hatua chache kutoka kwetu na masikio yote yako kwetu. Siku ile yalikuwa maji mafu, hakuna upepo, bahari imelala kama kioo. Akamwuliza mtoto, "Hii bahari inakwenda au imesimama?" Mtoto akasema imesimama. Shemeji akachukua vipande viwili vya boya lililovunjika, akarusha kimoja karibu na kingine mbali, akarudi kwenye nyavu zake. Tukakaa. Baada ya robo saa kile cha mbali kilikuwa kimekwenda upande wa Pangani, kile cha karibu kimerudi nyuma. "Maji huyaoni yakienda," akasema. "Tazama yalichobeba." Kisha akanyoosha mkono mbali zaidi, penye mstari mrefu wa povu, mwani na takataka. Pale, kwa maelezo yake, mikondo miwili inakutana, inazama chini, na uchafu usiozama unabaki umejipanga juu, na samaki wanapajua.

Mhariri, somo zima la mikondo mikubwa ya jua lilikuwa limekwisha pale, na aliyelifundisha hajui hata kama alikuwa anafundisha. Mimi nimefuatilia historia yake tangu siku hiyo na kila hatua naikuta kwenye lile boya.

Supagranuli haikugunduliwa na mtu aliyeiona. Gesi yake inayopanda katikati haizidi kwa mwangaza wowote wa maana ile inayozama pembeni, kwa hiyo upige picha ya kawaida hata mara elfu, hutaipata. Mwaka 1954 A. B. Hart wa Oxford alikuwa anapima kasi ya jua kuzunguka, na vipimo vikawa vinayumba, huku vinazidi, huku vinapungua, kwa mpangilio. Mimi ningelaumu chombo. Hart akaamini ni jua.

Namna ya kupima kasi ile ni ya honi ya bodaboda. Ikikujia sauti ni kali, ikikupita inashuka na kuwa nzito. Mwanga nao hivyo hivyo: wa kitu kinachokujia unasogea kidogo upande wa bluu, wa kinachokukimbia upande wa nyekundu. Mwanga wa jua ukiupasua kuwa upinde wa rangi unakuta ndani yake mistari myembamba ya giza, huu wa chuma, huu wa kalisi, na mstari ukihama nafasi yake kwa unywele unajua gesi inakwenda wapi na kwa kasi gani. Kuna mtego mmoja. Bodaboda ikizunguka kipilefti nawe umesimama katikati, haikujii wala haikuachi, na honi inabaki ileile. Kumbukeni hilo kipilefti, nitalirudia.

Mwaka 1962 Robert Leighton, Robert Noyes na George Simon wa Marekani, kwa kutumia darubini za Mount Wilson, walikamilisha kazi kwa mbinu ambayo mpiga picha yeyote wa zamani wa studio angeielewa. Walichukua picha mbili za jua kwa wakati mmoja, moja upande wa bluu wa mstari, ya pili upande wa nyekundu. Moja wakaigeuza, penye weusi pakawa peupe, wakailaza juu ya mwenzake. Kila kilichokuwa sawa katika zote mbili kikafutana. Kilichobaki kwenye karatasi si mwanga wala joto, ni mwendo mtupu. Nimeipenda mbinu hii kwa sababu ni ya kibandani: saa inayochelewa dakika moja kwa siku huwezi kuikalia uione ikichelewa, unailaza ubavuni mwa saa nzima, unakwenda kulala, asubuhi unasoma tofauti.

Picha inayotokea, na ndiyo niliyotaka muichape, ni ya ajabu kidogo. Kwanza nusu moja ya jua ni nyepesi na nusu nyingine nzito, maana jua linajizungusha kilomita 2 kwa sekunde kwenye ikweta, upande mmoja unatujia na mwingine unatukimbia. Ukishauondoa mzunguko huo, jua zima linakuwa na madoadoa kama ngozi ya chatu, na ukisogeza macho unakuta kila doa lina sura mbili, upande mmoja mweupe na mwingine mweusi. Ni gesi inayotoka katikati ya supagranuli kwenda pembeni: ya upande wetu inatujia, ya upande wa pili inatukimbia. Na katikati ya jua hapana kitu, pameloa rangi moja ya kijivu. Ndio kipilefti. Pale tunaitazama mikondo kwa juu, inatambaa kulia na kushoto bila kutujia, na honi haibadiliki. Mtu asiyejua angedhani katikati ya jua pametulia.

Na ule mstari wa povu wa shemeji? Upo. Ukilipiga jua picha kwa mwanga wa kalisi peke yake, unaliona limefunikwa wavu wa mistari inayong'aa, na matundu ya wavu ndiyo supagranuli. Usumaku wa jua unasombwa na mikondo, unatupwa kingoni, unajipanga pale kama takataka.

Watu wale wa Mount Wilson walipata na kitu cha ziada ambacho nilipokisoma nilifunga kibanda nikaenda kunywa kahawa. Uso wa jua unapanda na kushuka kila baada ya dakika kama 5. Kila mahali. Ni mawimbi mengi mno ya sauti yaliyofungiwa ndani, na siku hizi wataalamu wanayatumia kujua tumboni mwa jua kuna nini, kama mimi ninavyoweka saa sikioni kabla ya kuifungua.

Sasa zile zenu za miezi. George Simon huyo huyo, pamoja na Mwingereza Nigel Weiss, walieleza mwaka 1968 kwamba lazima ziwepo, kwa vile tabaka la jua linalochemka lina kina cha kilomita laki mbili na kina kama hicho kinapaswa kuwa na mikondo ya saizi yake. Watu wakatafuta kwa miaka 45. Mwendo wa mita 10 kwa sekunde umefunikwa na supagranuli za mita 300, na supagranuli zenyewe zimetikiswa na kule kupanda na kushuka kwa dakika 5, na juu ya yote hayo kuna mzunguko wa mita 2,000. Ni kusikiliza saa ya mkononi kwenye harusi yenye tarumbeta.

Jibu lilikuja Desemba 2013. David Hathaway, Lisa Upton na Owen Colegrove, wote Marekani, hawakuzitafuta seli kubwa hata kidogo. Walizitazama supagranuli, zilikuwa zinachukuliwa kwenda wapi. Chombo cha anga kiitwacho SDO kilichorushwa Februari 2010 kinapima mwendo wa uso wote wa jua kila baada ya sekunde 45, wakafuata supagranuli kama maboya, siku hadi siku, mzunguko hadi mzunguko, na maboya yakaonyesha mkondo. Kaskazini ya jua mikondo hiyo inazunguka kwa kufuata mshale wa saa, kusini inakwenda kinyume, na inasukuma mwendo kuelekea ikweta. Ndiyo inayosaidia kueleza jambo linalonikera sana kuhusu jua: ikweta yake inamaliza mzunguko kwa siku 25 hivi na ncha zake kwa siku kama 35. Saa ya namna hiyo ningemrudishia mwenyewe siku hiyo hiyo.

Msidhani mjadala umefungwa. Mwaka 2012 Shravan Hanasoge na wenzake, kwa kusikiliza yale mawimbi ya sauti, walipata kwamba mwendo wa ndani ni dhaifu mno ukilinganisha na kompyuta zilivyotabiri, na mpaka leo wanavutana. Hilo nalo lingefaa ukurasa wenu kuliko ushauri wa eksrei.

Jambo moja la pembeni, nisije nikalisahau. Kufuata kitu kinachoishi siku nzima unahitaji jua lisilozama, kwa hiyo mwaka 1995 viliwekwa vituo sita duniani vya kupokezana: California, Hawaii, Australia, India, visiwa vya Canary na Chile. Afrika bara hakuna hata kimoja. Canary iko jirani na Moroko lakini ni ya Uhispania. Sisi tuliopitiwa na jua la utosi mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, hata kivuli cha mtu kinaingia chini ya viatu, tunasubiri kusomewa habari zake na simu ya mpwa.

Ninachoomba ni robo ukurasa. Chapeni ile picha ya mwendo, ile ya madoadoa yenye katikati ya kijivu, na muandike chini yake kuwa hiyo ni supagranuli, za siku moja. Ile ya mwanzo muiandikie dakika 10.

Na kama nafasi itabaki, kuna kitu hapa. Tangu siku ile ya Raskazone mjukuu wangu, yule aliyesema jua limekufa, anachora madoa kila asubuhi kwenye karatasi ya duara ya sentimita 10, saa ileile, siku za mawingu anaandika "mawingu". Doa moja la kwanza lilishatoka ukingoni, yakaja mengine. Sasa anayo mawili, moja karibu na ikweta ya jua, moja mbali nayo, ambayo siku ya kwanza aliyaona yamelingana, moja juu ya mwenzake. Juzi alizipanga karatasi kumi kwenye meza yangu, akaweka rula. Lile la karibu na ikweta limemtangulia mwenzake milimita tatu. Nimempima kwa lenzi yangu ya kazi, nikapata mbili na nusu, na mkono wa mtoto wa miaka tisa una makosa yake, na madoa yenyewe hujisogeza yakitaka. Lakini hakuniuliza kitu safari hii. Alisema tu, "Babu, hili linakimbia," akaenda kuchukua karatasi ya kesho.

Michoro ipo ndani ya kasha la saa. Mkimtuma mpiga picha, aje kabla ya saa kumi jioni; baada ya hapo nafunga.

Wako,
Fundi saa,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu mnalo)